Wasifu wa bibi kwa Misa ya mazishi: miaka inapingana, na paroko ametupa dakika tano

Mjukuu_wa_Kibosho aliandika:

Tumsifu Yesu Kristo, wadau.

Bibi yetu mzaa baba amefariki usiku wa kuamkia jana. Misa ni Jumamosi saa sita mchana parokiani, maziko nyumbani kihambani, Kibosho. Kikao cha familia kimenikabidhi wasifu, na paroko ametupa dakika tano, hazizidi.

Kinachonitatiza kwanza ni umri. Kitambulisho cha taifa kinasema 1 Januari 1926. Baba mkubwa anasisitiza ni 1922 na anataka msalaba uandikwe hivyo. Kadi ya zamani ya familia ina mwaka wa ubatizo tu, 1936.

Pili ni ndoa. Kanisani walifunga 1951, lakini shangazi mkubwa amezaliwa 1949. Kuna wanaotaka mwaka wa ndoa usitajwe kabisa.

Tatu ni yaliyomo. Alikuwa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), alikuwa Lejio ya Maria (chama cha kitume), mweka hazina wa jumuiya, na alifua vitambaa vya altare miaka mingi. Kila ndugu ananitumia sifa: mcha Mungu, mkarimu, mpenda watu. Nikiziweka zote, dakika tano zinakwisha na sijasema kitu. Mnaojua kazi hii, nianzie wapi, na nini kikae, nini kitoke?

Karani_wa_Parokia alijibu:

Milele amina. Poleni sana na msiba, ndugu.

Anzia kwenye daftari la ubatizo, simulizi zije baadaye. Mstari mmoja wa daftari lile unabeba karibu nusu ya wasifu: tarehe ya ubatizo, tarehe ya kuzaliwa au makadirio yake, majina ya wazazi, kijiji, mama wa ubatizo na padre aliyebatiza. Pembeni ya mstari huohuo huandikwa kipaimara na ndoa. Kanuni 535 ya Sheria za Kanisa inataka hivyo. Hata kama ndoa ilifungwa parokia nyingine, taarifa ilitakiwa irudishwe alikobatizwa na kuandikwa pale pembeni.

Sasa, daftari lenyewe liko wapi? Watu wengi huenda parokia ya karibu na nyumbani, wanaambiwa jina halipo, wanarudi wamekata tamaa. Parokia nyingi za mlimani ni za juzi. Kilema ilifunguliwa 1890 na Kibosho 1893, na nyingine zikazaliwa kutokana na hizo kadiri vigango (makanisa madogo yaliyo chini ya parokia) vilivyokua. Parokia inapogawanywa, madaftari ya zamani hubaki kwa parokia mama. Aliyebatizwa kigangoni mwaka 1936 ameandikwa kwenye parokia iliyokuwa ikimiliki kigango hicho wakati ule, wala si ile inayokimiliki leo.

Piga simu ofisini kwanza. Peleka jina la ubatizo, majina ya baba na mama yake, kigango na mwaka. Ukiwa na namba ya L.B. (Liber Baptizatorum, yaani namba yake kwenye daftari la ubatizo) kazi ni ya dakika chache. Itafute kwenye cheti cha ndoa au kwenye ile kadi ya familia, mara nyingi imeandikwa kwa wino juu au pembeni. Usipokuwa nayo, mwombe katibu aangalie faharasa nyuma ya daftari, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu faharasa za zamani zimepangwa kwa jina la ubatizo, jina la ukoo linakuja baadaye au halipo kabisa. Tena majina yameandikwa Kilatini. Sesilia atafutwe kwenye Caecilia, Katarina kwenye Catharina, Skolastika kwenye Scholastica, Yosefina kwenye Josephina au Josepha, Luisia kwenye Aloysia. Majina ya mahali nayo yana tahajia za Kijerumani kwenye madaftari ya zamani, kwa mfano Kiboscho. Msikatishwe tamaa na herufi.

Mkipata mstari, someni kila neno dogo. *Nata* ni tarehe ya kuzaliwa. *Circa* ni makadirio ya padre. *Adulta* maana yake alibatizwa mtu mzima baada ya mafundisho. Mkiona *in periculo mortis*, alibatizwa akiwa mgonjwa mahututi, pengine na katekista au mkunga, kisha sherehe zikakamilishwa kanisani baadaye. Kwa hiyo mtakuta tarehe mbili, na ya kuandika kwenye wasifu kama siku ya ubatizo ni ile ya kwanza.

Jambo la mwisho: tazameni mistari iliyo juu na chini yake. Familia zilizoongoka zilibatizwa kwa pamoja siku moja, na ndugu zake wakiwa pale ndio watakaowapa umri wake.

Bukoba_Kashozi alijibu:

Poleni. Niongezee kidogo kwa watakaosoma uzi huu wakiwa na bibi wa Kagera, Mwanza, Tabora au Rukwa. Huko waliinjilisha Wamisionari wa Afrika, tunaowaita White Fathers (Kashozi ni 1892), na utaratibu wao tangu enzi za mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, ulikuwa miaka minne ya maandalizi kabla ya mtu mzima kubatizwa. Ukikuta bibi alibatizwa mtu mzima 1945, jua alianza mafundisho karibu 1941. Mwaka huo wa kuanza unastahili kutajwa, kwani ndipo imani yake ilipoanza na mara nyingi ndipo alipojifunza kusoma.

Mwl_Liturujia alijibu:

Pole sana, mkuu. Paroko amekutendea vema kukupa dakika tano. Pengine hupewa tatu.

Jua kwanza wasifu unakaa wapi. Maelekezo Makuu ya Misale ya Roma, namba 382, yanataka Misa ya mazishi iwe na homilia fupi na yanakataza homilia hiyo kugeuzwa hotuba ya kumsifu marehemu. Kwa hiyo usitegemee padre akusimulie maisha ya bibi mahubirini, na wala asilaumiwe. Wasifu husomwa ama nyumbani kabla mwili haujatoka, ama kanisani kabla ya Misa kuanza, ama baada ya sala ya baada ya Komunyo, kabla ya ibada ya buriani (sala za kumuaga marehemu). Muulize paroko ni wapi kati ya hapo, leo. Ukisomwa nyumbani unaweza kuwa mrefu kidogo. Ukisomwa kabla ya buriani watu wamechoka na jua liko utosini.

Salamu za jumuiya, WAWATA, ukoo, ofisi za watoto na wawakilishi wa serikali zote zipelekwe nyumbani, kabla ya Misa au baada ya maziko. Zikiachwa ziingie kanisani, dakika tano zako zinakuwa arobaini, na atakayeonekana amechelewesha maziko ni wewe.

Dakika tano za kusoma msibani ni maneno kama 500, kwa sababu msomaji wa msiba husoma polepole na husimama. Mimi ningeyagawa hivi: 60 kuzaliwa na ubatizo, 40 shule na ujana, 90 ndoa na familia, 100 kazi ya mikono yake, 130 utume wake kanisani, 50 ugonjwa, sakramenti alizopokea wakati huo na shukrani, kisha sala. Ona utume umepewa nafasi kubwa kuliko yote. Ndivyo alivyoishi, na ndicho waumini walioacha shamba kuja kumzika wanachokijua.

Kwenye ugonjwa usitaje vipimo wala majina ya dawa. Taja kwamba alipokea Mpako wa Wagonjwa na lini, na kama alipokea Komunyo siku za mwisho. Mpako hupokewa tena hali ikibadilika, kwa hiyo kama aliupokea mara kadhaa katika miaka ya uzee, sema hivyo. Usiuite "sakramenti ya mwisho". Ni sakramenti ya wagonjwa.

Chapa kwa herufi za ukubwa wa 16, upande mmoja wa karatasi, kurasa ziwe na namba. Andika miaka kwa maneno kwenye nakala ya msomaji ("elfu moja mia tisa hamsini na moja") asije akajikwaa. Nakala ya pili ashike mtu mwingine, aliyekwisha kuisoma kwa sauti angalau mara moja, kwa sababu mjukuu hushikwa na kilio katikati mara nyingi.

Zaidi ya hapo, mwandalie padre nusu ukurasa kabla ya Ijumaa jioni: jina lake la ubatizo na la ukoo, umri, mwaka wa ubatizo na wa ndoa, vyama vya kitume, idadi ya watoto. Basi. Mapadre wengi huazimwa kutoka parokia nyingine na hawamfahamu marehemu.

Jumamosi haina shida. Kwa faida ya wengine: Misa ya mazishi haiadhimishwi siku za sherehe zilizoamriwa, Alhamisi Kuu, Siku Tatu Kuu za Pasaka, wala Dominika za Majilio, Kwaresima na Pasaka. Siku hizo marehemu anaweza kuzikwa kwa ibada ya Neno, na Misa ikasomwa siku nyingine.

Mama_WAWATA_Rombo alijibu:

Poleni sana wanangu. Bwana amemwita mja wake.

Kuhusu sifa, kila sifa mliyoletewa muulizeni aliyeileta: alifanya nini hata ukasema hivyo? Akikosa jibu, iacheni. Akilijua, andikeni lile jibu na sifa yenyewe iondoeni. "Alikuwa mkarimu" haina uzito. "Wanasemina waliokuja likizo walikula kwake kila Jumapili baada ya Misa" inatosha, hakuna haja ya kusema alikuwa mkarimu.

Mmesema alifua vitambaa vya altare. Hapo mna hazina, msiipite kwa neno moja. Korporale (kitambaa kinachotandazwa altareni chini ya hostia na kalisi) na vitambaa vya kufutia kalisi havifuliwi na nguo nyingine. Kwanza huloweshwa kwenye maji safi, na maji hayo ya kwanza humwagwa ardhini mahali pasipokanyagwa au kwenye shimo lake sakristia, kwa sababu huenda vimegusa Mwili na Damu ya Bwana. Ndipo vinafuliwa kwa sabuni, vinapigwa pasi vikiwa na unyevu, na korporale hukunjwa tatu kwa tatu ili chembe isianguke. Mwanamke aliyefanya hivyo wiki baada ya wiki alikuwa na imani inayoonekana kwenye mikono yake. Andikeni sentensi mbili juu ya maji yale ya kwanza na mahali alipoyamwaga, na parokia nzima itamwona.

Nendeni kwa wanawake wa rika lake waliobaki, kabla ya wote kuja msibani na kelele. Waulizeni mambo haya: nani alimsimamia kipaimara? Alikuwa mama wa ubatizo wa watoto gani? (Wapo watu wazima kijijini ambao ni watoto wake wa ubatizo na familia haiwajui, waalikeni wakae karibu na wafiwa.) Je, alimaliza Ijumaa tisa za kwanza za Moyo Mtakatifu? Alivaa skapulari? Rozari ya nyumbani ilikuwa saa ngapi na nani alikuwa akiongoza? Matawi ya Dominika ya Matawi aliyaweka wapi, na nani aliyarudisha parokiani yachomwe majivu?

Kwenye Lejio, ulizeni alikuwa mwanachama hai au msaidizi. Aliye hai huhudhuria mkutano wa kila wiki na kwenda kazi ya utume, wawili wawili, kutembelea wagonjwa na waliolegea kiimani. Msaidizi husali rozari na sala za tesera (karatasi ya sala za Lejio) kila siku nyumbani. Zote ni kazi, lakini msimpe aliyesali nyumbani sifa ya kutembea, wala msimnyime aliyetembea.

Na sare yake ya WAWATA itafuteni leo hii. Kama alitaka kuzikwa nayo, viongozi wa kanda wanatakiwa wajue mapema. Rozari atakayoshika iwe ile aliyokuwa akisalia, hata kama uzi umefungwa fundo. Mpya mnunuayo dukani pelekeni kwa wajukuu.

Nyayo_Nairobi alijibu:

Poleni. Mkiwa na ndugu wanaotoka Kenya, andikeni "Lejio ya Maria" kwa ukamilifu na mtaje ni chama cha kitume cha Kanisa Katoliki. Kwetu "Legio Maria" ni kanisa linalojitegemea lililojitenga na Kanisa Katoliki miaka ya 1960, lenye waumini wengi hasa Nyanza. Mgeni akisikia vibaya atadhani bibi alikuwa wa huko. Chama chenyewe kilianzia Dublin 1921, na aliyekieneza Afrika Mashariki ni Edel Quinn, aliyefika 1936 na kufariki Nairobi Mei 1944.

Mjukuu_wa_Kibosho aliandika:

Mungu awabariki. Katibu wa parokia mama amelipata jina kwa kupitia namba ya L.B. iliyokuwa kwenye cheti cha ndoa. Mstari unasema *nata circa 1930*, ubatizo Agosti 1936. Siku hiyohiyo wamebatizwa mama yake na kaka zake wawili, mmoja *circa 1927*, mwingine *circa 1933*. Pembeni kuna kipaimara 1946 na ndoa 1951. Baba mkubwa bado anasema 1922. Nimjibu vipi bila kumkosea heshima?

Karani_wa_Parokia alijibu:

Usimjibu wewe. Mwombe ndugu wa rika lake, au mzee wa ukoo, akae naye na hiyo karatasi pembeni, kabla ya kikao cha jioni.

Hoja yenyewe ni nyepesi. Padre alimwona mtoto wa miaka kama sita mbele yake. Anaweza kukosea mwaka mmoja au miwili, lakini hawezi kumwona msichana wa miaka 14 akamwandika wa sita. Tena yupo kaka wa *circa 1927*, na ukoo mzima unajua kama huyo alikuwa mkubwa wake. Kama ni mkubwa, 1922 haisimami, na 1926 ya kitambulisho nayo haisimami. Tarehe 1 Januari kwenye kitambulisho cha mtu wa umri ule mara nyingi ni makadirio ya siku ya kuandikishwa.

Pimeni na upande wa pili. Sheria ya Kanisa ya 1917, iliyotumika wakati ule, ilimruhusu mwanamke kufunga ndoa kuanzia miaka 14, kwa hiyo aliyefunga 1951 hakuzaliwa baada ya 1937. Shangazi mkubwa ni wa 1949. Kwa 1930 bibi alikuwa na kama miaka 19. Kila kitu kinakaa.

Andikeni "alizaliwa mnamo mwaka 1930" na umri "takriban miaka 95". Kwenye msalaba wekeni "Mnamo 1930", na fundi aambiwe leo, kwani rangi ikishakauka mtazika na mwaka mlioujua si kweli. Jina la msalaba, la ratiba ya Misa, la kibali cha mazishi na la cheti cha kifo liwe moja, herufi kwa herufi. Likitofautiana, usumbufu utawapata kwenye mirathi ya shamba. Msisahau pia paroko ataandika maziko kwenye daftari la wafu, kanuni 1182. Mpeni jina hilohilo.

Kuhusu ndoa, msiifiche. Wazee wengi wa wakati ule walianza na taratibu za mila, mahari ikapelekwa, nyumba ikaanza, na sakramenti ikafuata mafundisho yalipokamilika au mwenza alipobatizwa. Andikeni: "Waliunganishwa kimila mwaka fulani, na mwaka 1951 ndoa yao ikafungwa kanisani." Mkiruka mwaka, watu watahesabu wenyewe na kudhani kuna aibu. Mkiutaja, shangazi mkubwa anakaa mahali pake kwa heshima.

Mzee_wa_Ukoo alijibu:

Poleni. Kwenye wasifu, mahali panapoleta ugomvi msibani ni idadi ya watoto.

Chora karatasi, kila mtoto wa bibi na safu yake, ikiwa na wajukuu, vitukuu, vilembwe. Mpe kila nyumba ijaze yenyewe na mwenye nyumba atie sahihi. Waliotangulia mbele ya haki wahesabiwe, hata aliyefariki mchanga: "alijaliwa watoto tisa, watatu wametangulia." Mama hasahau mtoto aliyemzika, na dada yake aliyebaki akisikia "watoto sita" ataumia. Aliyelelewa naye tangu mdogo atajwe kwa neno "alimlea". Kama babu alikuwa na watoto kwa mama mwingine na bibi aliwalea, waulizwe wenyewe wanapenda kutajwa vipi. Wasikutane na jambo hilo kwenye spika.

Majina ya wajukuu yasisomwe kanisani. Yachapwe nyuma ya ratiba. Kanisani inatosha idadi. Kisha wasifu mzima usomwe kwa sauti kikaoni Alhamisi usiku, mbele ya watoto wote, na wa mbali wapigiwe simu wasikilize. Anayetaka kurekebisha aseme hapo. Baada ya hapo hakuna mkono wa mtu unaogusa karatasi.

Mtunza_Kumbukumbu alijibu:

Kazi ya uzi huu ni nzuri. Kabla ya kuchapa, pitisheni macho kwenye miaka, kwa sababu wasifu nyingi za bibi zetu zinawapa mambo ambayo hayakuwepo wakati huo, na mapadre wazee husikia.

WAWATA ilianzishwa 1972. Mkiandika "alijiunga na WAWATA baada ya ndoa 1951" mmekosea. Kabla ya hapo kulikuwa na vyama vya kina mama vya parokia na vyama vya ibada. Andikeni hivyo kama mnakijua chama chake. Jumuiya ndogo ndogo ni matunda ya maazimio ya maaskofu wa AMECEA (umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki), 1973 na 1976, kwa hiyo mweka hazina wa jumuiya ni wa baada ya hapo.

Rozari ilikuwa na mafungu 15 tu, furaha, uchungu na utukufu, mpaka Oktoba 2002 Papa Yohane Paulo II alipoongeza matendo ya mwanga. "Tangu utoto alisali matendo yote manne" haiwezekani. Kwa bibi wa namna hii kuna jambo zuri la kuuliza: alijifunza matendo ya mwanga akiwa na miaka zaidi ya sabini, na nani alimfundisha?

Alibatizwa 1936, basi wakati huo hakukuwa na Jimbo la Moshi. Ilikuwa Vikarieti ya Kilimanjaro. Jimbo ni tangu 1953. Kipaimara cha 1946 kilikuwa enzi za Askofu Joseph Byrne, mmisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu kutoka Ireland, aliyekaa hadi 1959.

Misa ya ujana wake ilikuwa Kilatini, na Kiswahili kiliingia altareni katikati ya miaka ya 1960 kwa sababu ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Mfungo wa Komunyo nao ulikuwa tangu usiku wa manane, na hadi mwanzoni mwa 1953 hata maji ya kunywa yalivunja mfungo. Ukichukua kigango chake na umbali wa kwenda parokiani, unapata msichana wa miaka 16 anayepanda mlima alfajiri hajaonja tone la maji ili apokee Komunyo. Hilo ni la kweli na linastahili sentensi moja. Mwaka 1957 mfungo ukawa saa tatu, na 1964 saa moja.

Papa Yohane Paulo II alifika Moshi Septemba 1990. Kama bibi alikwenda, ulizeni alikwenda na nani na walilala wapi. Kama hamna uhakika, acheni.

Nimekuandikia mfano wa kipande cha utume, ukijaze kwa mnayoyajua:

"Bibi alibatizwa mwezi Agosti 1936, siku moja na mama yake na kaka zake wawili. Alipokea kipaimara mwaka 1946. Siku hizo aliyetaka Komunyo alifunga tangu usiku wa manane, naye alitoka kigangoni kabla ya mapambazuko bila kunywa maji. WAWATA ilipoanza parokiani kwetu alikuwa miongoni mwa walioingia mapema. Alifua vitambaa vya altare. Maji ya kwanza aliyamwaga chini ya mti nyuma ya sakristia, na aliwafundisha wakwe zake kufanya vivyo hivyo. Katika jumuiya alitunza hazina, na daftari lake la michango lipo mpaka leo, kila shilingi na jina la aliyeitoa. Mjukuu wake mmoja alimfundisha matendo ya mwanga, na tangu hapo kila Alhamisi aliyaongoza yeye."

Hapo ni kama maneno 100. Ondoeni msichoweza kukithibitisha, hasa lile la kuingia WAWATA mapema: daftari la kikundi litawaambia mwaka. Malizeni kwa sala ambayo watu wote wataitikia: "Raha ya milele umpe ee Bwana."

Mjukuu_wa_Kibosho aliandika:

Na mwanga wa milele umwangazie.

Baba mkubwa amekubali 1930 baada ya mdogo wake bibi kuthibitisha kwamba yule wa *circa 1927* ndiye aliyekuwa kaka mkubwa. Fundi amesimamishwa kabla ya kupaka rangi. Daftari la jumuiya limepatikana kwa mwenyekiti wa sasa, na katibu wa WAWATA anatafuta mwaka aliojiunga. Paroko anataka wasifu usomwe kabla ya Misa kuanza, jeneza likishaingia kanisani. Msomaji ni binti wa shangazi, na mimi nitashika nakala ya pili.

Mwl_Liturujia alijibu:

Kama ni kabla ya Misa, mwambieni msomaji asisomee kwenye mimbari ya Neno la Mungu. Awekewe kipaza sauti pembeni, upande wa kwaya, na fundi wa sauti akijaribu mapema, saa nne kanisa likiwa tupu. Akimaliza sala kwaya ianze wimbo wa kuingia moja kwa moja, bila mtangazaji kuongeza neno katikati.